Daftari la Gervasi na Samaki Wangu

Mdogo wangu Gervasi,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana hata huko uliko najua ungeanza na shikamoo. Adabu hiyo nilikufundisha mimi, kwa fimbo ya mparachichi.

Huku kijijini Ukata kahawa imeiva hadi matawi yamelala chini na kuku wanachuma. Mkeo hajambo, amepungua kidogo. Editha wako anakaribia mtihani wa kidato cha nne. Kaburi lako tumelijengea vizuri. Nililichimba mimi peke yangu, wenzangu sita walishika majembe kwa heshima tu.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Siku ya mazishi nilikuonea wivu, Gervasi. Ulikuwa ndani ya jeneza, na mimi kaka yako nimesimama mzima na viatu vyangu, nikakuonea wivu.

Ni wale wanafunzi wako. Walikuja wengi mno, mstari ulianzia kanisani na mkia wake ulikuwa bado ziwani, watu wanalowa miguu. Kila aliyesimama kusema alisema neno lile lile: daftari. Daftari la Mwalimu Gervasi. Lile lenye maneno magumu ya Kiingereza, haipaboli, metafa, pesonifikesheni, adivabu, kila moja umelieleza kwa Kiswahili pembeni na mfano wake chini. Huyu amefaulu kwa daftari, yule yuko chuo kwa daftari, mwingine akalia hadi akashikwa mikono. Nikangoja mtu aseme kwamba baba alipoumia mgongo ni kaka yake Otmari aliyetoka kidato cha pili akarudi kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, ili Gervasi abaki shuleni. Hakuna aliyesema. Padre naye alitaja daftari!

Basi ikafika siku ya kugawa vitu vyako. Unajua utaratibu wetu, mkubwa anachagua kwanza. Wote walijua nitachukua koti lako la kijivu, na lilinikaa kweli, nililijaribu. Nikanyoosha mkono nikachukua daftari.

Shangazi Hyasinta alicheka hadi kilemba kikamwanguka. "Otmari! Hilo utalisoma, au unatafuta karatasi ya kuviringia tumbaku?"

Nikamjibu kwamba mimi nilikuwa nasoma Kiingereza wakati wewe Gervasi unakula udongo. Lakini nikuambie ukweli, sikulitaka ili nisome. Nilitaka watu waache kulitaja. Nikalifunga kwenye kiroba nikalining'iniza darini, juu ya moshi wa jiko.

Wakaja wanafunzi. Wengine walitembea kutoka Kigonsera na kalamu mfukoni, wanaomba kunakili kurasa mbili tatu. Nikawaambia daftari liko safarini. Safari gani? Nikasema limeombwa ng'ambo, Malawi, wanalisoma bungeni. Wakaondoka wameridhika, tena wawili walipiga makofi.

Kisha akaja Editha. Akapiga goti, "Shikamoo baba mkubwa," akaniambia amebakiza wiki tatu, na Kiingereza ndicho kinachomtisha, na aliyekuwa anamfundisha nyumbani hayupo. Hakusema baba, alisema "aliyekuwa ananifundisha." Anaomba daftari.

Kwa Editha bunge la Malawi lisingepita. Nikamwambia panya wamelila.

Halafu akasema, "Basi baba mkubwa, naomba hayo mabaki ya panya. Hata kama ni kona tu."

Nikamwambia hata kona wamekula. Akaondoka polepole, bila kugeuka. Ungekuwapo ungenipiga, mkubwa au si mkubwa.

Mchana ule ule nikalishusha. Nikakaa kwenye kivuli cha kichanja cha kahawa nikafungua, nione ni kitu gani hasa kinacholiliwa hivi. Nikafika haipaboli. Pembeni umeandika kwamba ni chuku, kukuza jambo kupita kiasi ili msikilizaji alihisi. Chini yake mfano: mtu mmoja alivua samaki mkubwa hata alipomtoa, ziwa likapungua, na watu wa ng'ambo wakaja na mitumbwi kuuliza nani amezibua.

Mtu mmoja!

Gervasi, huyo samaki ni wangu. Ni yule mbasa wa Chiwanda, kule ziwani, mwaka tuliposhuka na baiskeli ya mahindi kubadilisha na samaki, wewe umekaa nyuma unashika gunia. Nafungua ukurasa mwingine, pesonifikesheni, kukipa kitu tabia za mtu: mlima uliochoka kubeba ngolo za mtu mmoja ukamwomba apumzike. Huo mlima wangu! Metafa, mtu mmoja. Kurasa arobaini, na mtu mmoja huyo anavua, analima, anapigana na chui kwa mwiko. Jina langu nikalikuta mahali pamoja tu, kwenye adivabu, ambayo ni kielezi: Otmari anakula kwa kelele.

Hapo wivu ulinipanda hadi masikioni. Kumbe wanalilia vyangu! Nikachomeka kalamu mfukoni, nikachukua daftari, nikaenda kwako nimekaza mwendo. Nilitaka Editha akae mbele yangu aandike jina langu kwenye kila ukurasa, na chini yake niweke sahihi.

Nikafika nyuma ya nyumba nikasikia sauti, nikasimama kwenye migomba. Editha yuko na wenzake wanne wanachambua kahawa, wanatoa mbovu, na huku wanakumbushana daftari kwa kichwa. Hawana karatasi hata moja. Mmoja anataja neno, mwingine anatoa mfano. Wakafika kwenye samaki wangu.

Msichana mmoja mwenye sauti kubwa akasema, "Mimi huyo mtu wa samaki nampenda, ila ni mwongo wa kuzaliwa!"

Wakacheka. Editha hakucheka. Akasema, "Baba alikuwa anamwonea wivu."

"Mwalimu amwonee wivu nani?"

"Huyo huyo. Alisema yeye alisoma miaka yote hiyo akajua majina ya vitu, na mwenzake ana vitu vyenyewe mdomoni. Alisema huyo mtu angebaki shuleni, yeye baba asingepata kazi hata ya kugonga kengele."

Nimewahi kukaa chini ya maji kwa siku mbili bila kuvuta pumzi, unaijua hiyo, ila pale kwenye migomba dakika moja ilinishinda.

Nikakumbuka tuliporudi kutoka Chiwanda. Tulikuwa na mbasa watatu, wembamba kama vijiko. Mimi nikaanza kumweleza mama habari za yule mkubwa niliyemtoa hadi ziwa likapungua, kisha akatuponyoka, na mama akakugeukia wewe, "Kweli Gervasi?" Ulikuwa hudanganyi hata kwa fimbo. Ukamtazama mama usoni ukasema, "Kweli mama. Mimi nilishika mkia."

Nikatoka migombani. Wote wakasimama, shikamoo tano kwa mpigo. Nikampa Editha daftari. Akaligeuza, akalinusa ule moshi, akanitazama.

"Baba mkubwa, kumbe panya wamelitapika!"

Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Nami nikacheka, nifanyeje? Kalamu sikuitoa. Nikakaa pale tukachambua hadi gunia likaisha, na walipofika kwenye samaki nikawasahihisha, maana umeandika mitumbwi na mimi siku zote nimesema meli.

Sasa ahadi yangu. Kila Jumamosi hadi siku ya mtihani nitakwenda kukaa nao. Wao watataja neno, mimi nitatoa mfano mpya, usio kwenye daftari. Na wale wa Kigonsera nimewatumia ujumbe kwamba Malawi wamerudisha, waje wanakili.

Lakini wivu haujaisha, mdogo wangu. Sasa namwonea wivu hata Editha, kwa kuwa ulimwambia yeye. Tulikuwa tunaonana kila Jumapili baada ya misa, tunapeana mkono, tunasemezana habari za mvua. Wewe ulikuwa na lako moyoni, mimi na langu. Ungenitamkia siku moja tu. Ningekucheka wiki nzima, halafu ningekuambia na mimi.

Basi nakuambia leo, nimechelewa hivi hivi. Nilikuonea wivu tangu siku niliyokuona unaondoka kwenda shule na begi langu mgongoni.

Lala salama, Gervasi.

Kaka yako,
Otmari