Kibuyu cha Maji Siku ya Mavuno

Mjukuu wangu Nakiete,

Marahaba, shikamoo yako imefika huku Gonja. Bibi yako amepona kifua, na maharage ya mama yako yametoa maua.

Unauliza kama Mungu anaipokea ibada yako, maana wenzako hapo Tanga hulia wakiimba, na macho yako hubaki makavu. Nani kawafundisha kupima ibada kwa machozi? Huyo nitabishana naye hata mbele ya madhabahu!

Nilipokuwa kijana, mwaka mmoja mvua haikunyesha. Sikukuu ya mavuno ilipofika, mama yangu mjane hakuwa na hata hindi moja la kutoa. Alibeba kibuyu cha maji yetu ya kunywa ya siku ile, akaenda nacho kanisani.

Mzee wa kanisa alimzuia mlangoni. "Mama Elia, haya mavuno ya shamba gani?"

"La Mungu, baba. Langu limekauka."

Watu wakacheka.

"Yarudishe, watoto wanywe."

"Watavumilia hadi jioni. Nimekuja kushukuru. Nipishe."

Akampisha. Mama hakuimba wala hakulia. Alipiga magoti, akakiweka kibuyu chini polepole, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia, kisha akaiondoa mikono yake.

Nilikuwa na kiu, na hasira pia. Tangu siku ile nimesoma vitabu vingi, na karibu vyote nimebishana navyo. Mikono ile bado sijapata la kuijibu.

Nakuombea kila asubuhi,
Babu yako