Wiki Mbili za Nassor

Jumapili, 4 Januari

Maji yamekwisha tena, na mie nna povu kichwani. Bomba linakohoa tu. Nassor, mume wangu, yuko nje anabishana na jenereta, hanisikii. Nimemalizia kwa maji ya kunywa, ya chupa, baridi. Nimetoka nimekasirika na nywele hazijatakata.

Hapa tulipo ni jangwani Omani, kupita Qurayyat. Tumeiacha lami nyuma, ni changarawe na migunga tu mpaka chini ya majabali. Mbuzi wa watu wanakuja kutafuna mataulo yangu. Ndani ya karavani kuna kitanda, jiko la gesi, choo ambacho sitaki kukieleza, na mwanamme anayekoroma.

Alisema wiki mbili. Tumestaafu sote, watoto wameoa, tunangoja nini, tukakae jangwani wakati huu wa baridi kama watu. Sijui watu gani. Watu ninaowajua mie wako majumbani mwao. Wiki mbili zilikwisha Alkhamisi na bado tupo.

Nnataka kurudi kwangu Azaiba, Maskat. Nnaandika wazi ili nisijidanganye kuwa nnastarehe.

Jumanne, 6 Januari

Leo nimefungasha. Nimekunja nguo, nimefunga vyombo, nimekaa kitandani na abaya yangu. Nassor kachungulia, kasema mpira wa gurudumu la karavani una kasoro, hatuwezi kuikokota mpaka uangaliwe. Juzi kisingizio kilikuwa ukungu. Kabla ya ukungu ilikuwa mgongo. Mgongo wenyewe jioni yake ulipanda juu ya paa kufunga taa.

Nimefungua mzigo. Nimepika ndizi.

Nassor haulizi. Anatangaza. Kawa mkurugenzi wizarani miaka na miaka, na nyumbani kawa hivyo hivyo. Watoto watasoma wapi, katangaza. Jina la mtoto wetu wa pili nililisikia kwa mama mkwe. Hata karavani hii niliiona siku nilotoka kutupa taka, imesimama mlangoni, na yeye kasimama pembeni yake kama bwana harusi. Mie niliongoza wadi nzima mpaka nikastaafu, madaktari walikuwa wakiniuliza. Kwangu haniulizi mtu.

Ijumaa, 9 Januari

Kaenda Maskat kusali Ijumaa na kununua gesi. Nimemwambia tufuatane. Kasema vitu vitaibiwa. Na nani, mbuzi? Nimebaki.

Nimemwagizia blanketi langu zito, liko juu ya kabati chumbani, na makubadhi yangu ya ndani. Baridi ya hapa asubuhi inaingia kwenye magoti. Karudi jioni na blanketi jipya la dukani, bado lina karatasi ya bei. Makubadhi hamna. Kasema njia ilijaa magari, hakufika Azaiba.

Lakini Darsait kafika, kwa dada yake Zuwena. Kaleta bokoboko, la ngano na nyama. Zuri, samli ya kutosha, siwezi kusema uongo. Limo katika bakuli la maua kama langu. Labda nilimpelekea kitu ndani yake siku ya Idi, lisirudi. Zuwena ana shughuli, binti yake Rayya anaolewa mwisho wa mwezi. Nimeuliza maandalizi yamefika wapi. Nassor kasema salama, kisha kaenda kutazama mpira.

Ule mpira unatazamwa kuliko mgonjwa.

Jumatano, 14 Januari

Nnaandika kabla sijapika.

Chini hapa hakuna mtandao. Leo nimepanda kilima kidogo kilicho nyuma ya karavani kumpigia mwanangu Haitham, magoti yakinilaumu. Nimefika juu, simu ikaanza kulia mfululizo. Kundi la wanawake wa ukoo. Picha za Rayya anasingwa, anasuguliwa mwili kwa manukato ya bibi harusi.

Picha ya kwanza, nimemtazama Rayya. Mashaallah. Picha ya pili, nimeliona pazia. Kijani, lina pindo nililolishona mwenyewe kwa mkono. Nikatazama tena. Zulia langu. Kabati langu la vyombo, milango wazi. Vikombe ambavyo havitoki ila kwa wageni wa heshima vimo mikononi mwa wasichana nisiowajua. Mlango wa chumbani kwangu uko wazi, na kitandani kwangu kalala bibi mmoja kajifunika blanketi langu zito.

Chini yake maneno. Allah amjaze kheri Bi Asya kwa kutupa nyumba yake nzima. Bi Asya ana moyo. Wapi tutampata mwengine kama Bi Asya. Dua na maua mpaka kidole kimechoka kupandisha.

Bi Asya ni mie. Na mie sikumpa mtu kitu.

Haitham sikumpigia tena. Nimekaa juu ya jiwe mpaka jua likanichoma.

Alkhamisi, 15 Januari

Jana nilimpakulia chakula, nikangoja amalize. Kisha nikamuuliza nani kalala kitandani kwangu.

Kijiko kakiweka chini pole pole. Kasema Zuwena ana wageni kutoka Unguja na Dubai, fleti yake Darsait ina vyumba viwili, angewaweka wapi. Kaomba nyumba. "Ningemkatalia vipi, ni dada yangu."

Sikumwambia amkatalie. Nikamuuliza kwa nini hakunambia. Kasema ningekataa. Nikamuuliza nilikataa lini, anitajie siku moja. Kakishika tena kijiko. Kisha kasema alitaka kuniepusha na rabsha, na nani mwenye bahati kama mie, nimeletwa kupumzika hewa safi.

Kumbe hii haikuwa safari ya uzee wetu. Nimehamishwa. Mpira mzima, mgongo mzima, ukungu tu ndio wa kweli.

Kanisemea. Kachukua mdomo wangu kaenda kuutumia Darsait, akasema Asya kakubali, na ukoo mzima ukaitikia. Nnamchukia leo. Kesho sijui. Leo nnamchukia.

Kalala kiti cha nje. Nimesikia anapiga chafya. Nimevuta blanketi la dukani.

Jumamosi, 17 Januari

Asubuhi nimechukua funguo za gari. Nassor kauliza nani ataendesha. Sikumjibu, mtu niliyewahi kumwendesha mpaka Sur na akalala usingizi njia nzima.

Njiani nimefanya mazoezi ya maneno. Nitaingia, nitasimama sebuleni, nitasema hadharani kuwa nyumba hii sikuitoa. Waone haya wote.

Viatu vimejaa mlangoni pangu mpaka kwenye ngazi. Kafungua msichana, simjui, ana unga mashavuni. "Karibu, bibi, pita ndani, jisikie uko kwako." Nikapita.

Ndani joto, udi, watoto, bizari ya pilau. Zulia lina doa. Kabla sijafungua mdomo kaja yule bibi wa kitandani. Bi Ruzuna, mama mdogo wa Nassor, kutoka Unguja, hatujaonana tangu yeye akiwa na meno. Kapewa chumba changu kwa sababu kiko karibu na choo. Kanishika mikono yote miwili. Kasema hakutaraji katika umri wake kulala pahala pazuri hivi, na kila swala ananiombea. Akaanza kuniombea pale pale, nimesimama na mkoba begani. Nikaitikia amin. Ningefanya nini?

Hasira haikuondoka, ila imekosa pa kukaa. Nimeingia nayo jikoni.

Zuwena alikuwa anakanda. Kafurahi kweli, kanikumbatia kwa viwiko. "Wifi yangu, mbona hukutaka hata nikupigie? Nassor kanambia wewe ukishukuriwa unachukia."

Nikamwambia. Kwa sauti ndogo, na maneno yote niliyoyapanga yalikwisha katika sentensi moja. Nyumba yangu nimeiona kwenye picha, Zuwena.

Uso ulimshuka. Kakaa juu ya gunia la mchele. Mwanzo kasema atawahamisha wote leo, atatafuta fleti za kukodi, watalala hata kwake sakafuni. Nilimwona anahesabu vichwa huku machozi yanamtoka. Kisha akainuka. Akaosha mikono, akaifuta kwa kanga, akaja kusimama mbele yangu kama mtu aliyekuja kuposa.

"Asya. Wageni wangu hawana pa kulala mpaka harusi ipite. Nnakuomba nyumba yako. Unanipa?"

Nilikaa kidogo kabla ya kujibu. Nilitaka lile swali likae hewani, lisipite upesi. Nilikuwa na uwezo wa kusema la. Yeye anajua, mie nnajua.

Nikasema nnakupa. Na nimempa kweli. Stoo nimemfungulia, magodoro ya wageni nimemtolea, nimemwonesha bomba la choo cha nje linavyotaka kupigwa ili litoe maji. Makubadhi yangu nimechukua.

Zuwena hakutumia hata dakika kuniuliza. Ndani ya gari nimelia, nimesimama kando ya pampu ya petroli. Hasira zilikuwamo, na furaha kidogo.

Jumapili, 18 Januari

Nimelala kwa Haitham jana, leo nimerudi jangwani. Nassor kakaa nje kanyongea, siku nzima bila gari na bila mkate. Nimemwambia kuwa Zuwena kaniomba nyumba na mie nimempa.

Uso ukamng'ara. "Si nnakujua wewe," kasema. "Nilijua tu ungekubali. Basi, yamekwisha."

Juzi, kwa maneno yake, nilikuwa ningekataa. Leo nilikuwa ningekubali. Majibu yangu yote anayo yeye, mie sihitajiki hata kuwepo.

Nimetupa kikombe. Sikumlenga yeye, nimelenga mgunga, nimeukosa. Mbuzi wamekimbia. Nassor katazama kikombe, kanitazama mie, kisha kaenda kukiokota.

Nikamwambia hivi. Nyumba nimeitoa mwenyewe, kwa hiyo nitakaa kwenye karavani hii mpaka wageni waondoke, na huo ni uamuzi wangu. Lakini kuanzia leo ukinitangazia jambo sitakujibu.

Kasema, "Sasa unataka tusizungumze?"

Hakufahamu. Mwanamme kasimamia idara nzima, na hili hakulifahamu.

Ijumaa, 23 Januari

Juzi, Nassor: leo tutakula samaki. Kimya. Nassor: nitakwenda Qurayyat kumnunua. Kimya. Kaenda, karudi na jodari, kapika mwenyewe. Chumvi nyingi. Nimekula.

Nassor: kesho tutaihamisha karavani upande wa kivulini. Kimya. Jana kahangaika peke yake nusu siku na magurudumu, karavani imekaa upande, usiku tumelala tunaporomokea ukutani sote wawili. Nilitaka kucheka. Sikucheka.

Nimechoka, tena sana. Kunyamaza ni kazi, hasa kwa mtu mwenye maneno kama mie.

Ijumaa, 30 Januari

Harusi imepita. Rayya kapendeza mpaka nimesahau magoti. Wanawake wamenijia mmoja mmoja kunishukuru kwa nyumba, na safari hii nimepokea, maana shukurani ilikuwa yangu. Bi Ruzuna kanishika mkono ukumbini hakuuachia.

Nassor kanipeleka, kanirudisha. Njiani kajaribu. "Jumatatu wageni wanaondoka. Jumanne tunafunga, tunarudi nyumbani."

Nilitazama dirishani. Nnataka kurudi kuliko yeye. Nnakiota kitanda changu, jiko langu, bomba lisilokohoa. Ningesema tu "haya", na Jumanne niko kwangu. Lakini nikisema haya leo, nitakufa nikisema haya.

Jumanne, 3 Februari

Kafunga kila kitu. Viti, jenereta, mkeka. Karavani kaifunga kwenye gari, mpira hauna kasoro yoyote, mashaallah. Kaja mlangoni kasema tunaondoka.

Mie nilikuwa nasuka nywele. Nikaendelea.

Kasimama. Kakaa garini na injini inawaka. Baada ya muda kaizima. Kashusha viti, kashusha mkeka. Nimemwonea huruma, na bado nimemkasirikia, vyote viwili kwa pamoja. Kupika sikupika.

Jumatano, 4 Februari

Asubuhi baridi, ukungu umeyafunika majabali. Nassor kaamka kabla yangu. Kaosha vikombe, kachemsha chai, kaleta cha kwangu kitandani. Kisha hakutoka. Kasimama pale kwenye kijia chembamba baina ya jiko na kitanda, kichwa kainamisha kwa sababu ya dari.

"Asya."

Nikangoja. Nilidhani kapoteza kitu.

"Asya, wewe unataka tufanye nini?"

Sauti yake sikuijua. Aliyasema maneno yale pole pole, kama mtu anayesoma herufi za kigeni, na alipomaliza hakuongeza kitu. Hakunisaidia kujibu. Kanitazama tu, mzee wangu, ndevu zote nyeupe, sijui zimekuwa hivyo lini.

Jibu nnalo. Nnalo tangu Disemba, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nimekunywa chai kwanza.

Nimemwambia ngoja nifikiri.

Kasema, "Haya." Kavuta kiti, kakaa, anangoja.