Magunia Yaliyopangwa Kama ya Lori

Jumanne, 12 Machi 1974. Asubuhi mawingu mazito, upepo kutoka ziwani.

Mvua imekata barabara, kwa hiyo mahindi ya kwenda Bukoba yatapita ziwani. Agizo hilo nililipiga taipu mwenyewe ofisini. Sikujua kwamba kila dereva atasafiri na mzigo wake.

Mchana nilimkuta mume wangu, Bonifasi, bandarini, juu ya tishali litakalovutwa na meli. Alikuwa ameyapandisha magunia juu sana, kama anavyozoea kwenye lori. Nahodha akamcheka: "Dereva, upepo ukikamata mnara huo, utalala na sato chini ya maji!"

Wote walicheka. Mimi akilini nilimwona marehemu kaka yangu, aliyeitwa Leo. Chombo chake kilirundikwa vivyo hivyo, kikazama, na hatukupata hata mwili wa kuzika.

"Shusha, Baba Koku."

"Mama Koku, unaniaibisha mbele za watu."

Alishusha safu mbili. Ya tatu aliiacha, asionekane ameamriwa na mkewe.

Wameondoka jua likizama. Sasa upepo unagonga mabati, na kila yakigonga naiona safu ile.

Mlango sijaukomea. Mama naye hakuukomea wake, miaka yote ile, akimngoja Leo.

Saa tisa usiku. Nazima taa.