Mguu wa Maman Zaina

Jumatatu, 9 Novemba 1998
Sahani nne za kuoteshea bakteria leo hapa labo ya hospitali. Umeme umekatika mara mbili. Sahani ya kwanza ni usaha wa Maman Zaina, mshonaji wa Kamembe. Bati lilimchana mguu mwezi wa nane, akikimbia risasi Bukavu. Kijani tena. Harufu tamu, ya kuchefua. Kwenye sahani dawa yake, sipro, inaua bakteria wote. Nimeandika: dawa inafaa. Mara ya tatu sasa.

Jumatano, 11 Novemba
Jeraha limepanuka. Daktari aliuliza kwa nini. Nikasema labda hamezi vidonge. Nilisema mbele ya kitanda chake.
"Miye natupaka vidonge chini? Maman wa labo, nataka kupona kukupita weye."
Nilirudi labo.

Ijumaa, 13 Novemba
Muuguzi anasema Maman Zaina anameza vidonge mbele yake, kila siku. Basi nimemsingizia mtu. Daktari atakata mguu Jumatano, chini ya goti.
Nimetafuta makala ya Kifaransa niliyopewa na mwalimu wangu. Bakteria hawa wanapashana habari. Kila mmoja anatoa kemikali kidogo. Wakiwa wachache, haisikiki, wanatulia. Wakiwa wengi inajaa, wote wanajua, wanaanza pamoja: sumu, kisha ute wa kujifunika. Dawa haiwapati vizuri ndani ya ute.
Sahani yangu inapima bakteria waliotawanyika. Mguuni wamejifunika.

Jumamosi, 14 Novemba
Kuna mrija wa kioo wenye supu ya kuoteshea bakteria wa Maman Zaina, niliousahau kabatini. Ute umeganda kwenye kioo. Nimemwaga supu, nimetia sipro juu ya ute. Mrija mwingine, bakteria wapya wasio na ute, sipro ileile.

Jumapili, 15 Novemba
Baada ya misa, labo. Nimepanda sahani mbili, moja kwa kila mrija. Mizinga inasikika ng'ambo, upande wa Bukavu. Sijala.

Jumatatu, 16 Novemba
Wapya wamekufa wote. Wa kwenye ute wako hai, sahani imejaa.
Nimempelekea Daktari sahani zote mbili. Nimemwambia ute utolewe kwanza: kukwangua nyama iliyokufa, kuosha kwa siki na maji kila siku, dawa ifuate. Amenipa siku kumi. Homa ikipanda, anakata.

Jumanne, 17 Novemba
Nilimwendea Maman Zaina. Nikamwambia: nilikosea, si wewe, ni kipimo changu.
"Basi ungeuliza," alisema. Akageukia ukuta.
Ana haki.

Ijumaa, 20 Novemba
Kukwanguliwa kunamuumiza vibaya. Leo alinishika mkono, akauminya mpaka mwisho. Homa bado. Naogopa kwamba namtesa bure.

Jumanne, 24 Novemba
Homa imeshuka. Usaha si kijani sana. Siamini haraka.

Alhamisi, 26 Novemba
Siku ya kumi. Daktari amefungua bendeji. Nyama nyekundu pembeni, safi. Vidole viwili vimekufa, vitakatwa. Mguu unabaki. Maman Zaina alicheka na kulia. Mimi nilikwenda kulilia chooni.

Jumatatu, 14 Desemba
Mvua tangu asubuhi. Maman Zaina alirudi nyumbani Jumamosi, anachechemea. Leo imeletwa sampuli ya mzee wa Mururu, jeraha la jembe. Kabla ya kuifungua nilipanda wodini. Nikavuta kiti, nikamuuliza mzee linauma tangu lini. Alikuwa na mengi ya kusema. Nilikaa.