Kuba Linalotazama Paa Letu

Kijiji cha Tizgi,
Milima ya Atlas,
Moroko.
Jumatano, 4 Februari.

Mpendwa Mjomba Yidir,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Chile? Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea. Sisi hatujambo, ila magoti ya Bibi yanamsumbua kwa baridi.

Programu uliyoiandika ya kuendesha darubini ya hapa kwetu haipo tena. Mafundi waliifuta wakaweka nyingine. Nayo hujiamulia yenyewe: hupima upepo na mawingu, hufungua kuba la darubini, huchagua nyota, hufunga. Baba, mlinzi wa darubini, hubaki kufagia theluji tu.

Lakini Mjomba, unakumbuka ulivyoifundisha ya zamani igeuze mlango wa kuba kuelekea paa letu kila magharibi, imsalimu Bibi kabla ya kazi? Tangu wiki iliyopita hii mpya inafanya vilevile. Mafundi wameikagua. Hakuna aliyeiamuru.

Bibi hupanda juu ya paa na glasi ya chai ya nanaa, akaiinua. "Umechelewa leo, mvivu wewe!" huliambia kuba.

Kaka yako, Mjomba Hmad, amechoka kungoja. Miaka miwili hatujapata neno lako. Ijumaa anataka uswaliwe msikitini, swala ya maiti aliye mbali.

"Mama, ile ni mashine," alimwambia Bibi. "Haina mama."

"Na wewe unaye," Bibi akajibu, "mbona hupiti kumsalimu?"

Tulicheka. Lakini jana nilimkuta Bibi akikunja nguo zako, moja moja, kama za kugawa.

Najua barua haitafika kabla ya Ijumaa. Hata hivyo naomba: kama ni wewe, tuonyeshe. Leo theluji haijakoma tangu adhuhuri, umeme umekatika kijiji kizima hadi kwenye darubini, na Baba amelifunga kuba kwa mkono. Sote tumekaa kando ya moto, hata Mjomba Hmad.

Niliiacha kalamu kidogo. Bibi alipanda na chai yake kama kawaida, akaita kutoka juu, tukapanda wote. Kuba limegeuka, Mjomba. Mlango uko wazi, umetuelekea, na ndani ni giza tupu. Mjomba Hmad ameketi kwenye theluji.

Tumekuona. Bibi anasema funga sasa, mwanangu, utapata baridi.

Mama, Baba na Bibi Ijja wanakusalimu. Mjomba Hmad pia, amesema niandike hivyo. Mungu akufunike popote ulipo.

Mpwa wako akupendaye na kukungoja,
Itto