Mabomba Mapya na Jicho la Mama

Jumatatu, 4 Agosti. Migori.

Bolti ya tatu nayo imekataa. Nimezimwagia dizeli tangu jana, nimezibembeleza, nimezitukana. Mbili zimetoka, moja imekatika. Vidole vyote vimechubuka. Shule ninayofundisha imefungwa, na badala ya kupumzika nimelala chini ya gari, kutu ikinidondokea machoni.

Lakini heda zimefika. Mabomba manne ya moshi, yanang'aa, ya kuwekwa mahali pa manifoldi ya zamani, lile chuma zito linalotoa moshi kwenye injini. Gari litapumua, litavuta.

Ijumaa nampeleka Mama Homa Bay kupasuliwa jicho. Madaktari wa macho watakuwa pale siku mbili tu. Akiwakosa ni hadi mwaka ujao, na jicho lake la pili lilishazimika. Ndugu yangu alijitolea kumpeleka. Nilikataa. Nilitaka Mama apande gari langu likiwa jipya.

Jumanne, 5 Agosti

Manifoldi imetoka. Nzito kama jiwe la kusagia. Mnunuzi wa skrapu, vyuma chakavu, alikuwa akipita na mkokoteni, nikampa bure. Sitaihitaji tena.

Jumatano, 6 Agosti

Mimi ni mjinga.

Heda zimekaa kwenye injini sawasawa, kila tundu na bolti yake. Nikageuza usukani. Kwaa! Bomba la nne limebana chuma cha usukani. Gari linakata kulia tu. Kumbe ni za magari ya usukani wa kushoto. Iliandikwa kwenye tangazo, herufi kubwa kabisa, nami nilikuwa naangalia picha.

Odhiambo, fundi wa jirani, alichungulia akacheka hadi akakaa kwenye tairi. "Buda, hii ni ya majuu. Hamia huko na gari." Sikucheka.

Mama amepiga simu kuuliza avae nguo gani Ijumaa. Nikamwambia gari liko tayari. Nimemdanganya mama yangu kwa sababu ya bomba.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi nilikimbia kwa mtu wa skrapu. "Ile ilienda na lori jana, boss. Saa hii ni sufuria."

Nikameza kiburi, nikampigia ndugu yangu. Gari lake limeenda na watu wa harusi hadi Jumapili. Na kumbadilisha Mama matatu njia nzima, bendeji jichoni? Hapana.

Mchana Odhiambo akaja na mtungi wa gesi. Akapasha bomba hadi likawa jekundu, kisha akanipa nyundo. Piga wewe, alisema, ni yako. Nikapiga. Nikapiga tena. Sasa bomba langu lina bonde katikati. Usukani ukageuka. Nilitaka kulia, na nafikiri nililia kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti. Homa Bay hadi Uriri.

Asubuhi tulikuwa tumechelewa, nikakanyaga mafuta, gari likanguruma. Mama alisema gari lina njaa. Tuliwahi. Jicho limepasuliwa salama, asante Mungu.

Kurudi ndiko kulikonishinda. Nikigusa mafuta tu, gari linanguruma na Mama anashika kichwa. Halalamiki. Hilo linaniudhi zaidi. Basi nikaendesha mwendo wa baiskeli, kutoka Homa Bay hadi nyumbani kwake. Pale Awendo trekta la miwa likatupita, dereva akatupungia mkono. Hizo ndizo heda zangu za ng'ambo.

Jumamosi, 9 Agosti. Uriri.

Nesi amefungua bendeji. Mama amekaa nje muda mrefu, akitazama kuku, mikono yake, mimi. Amesema nimezeeka.

Kisha akataka kuliona lile gari lenye kelele. Nikafungua boneti, nikasubiri asifu jinsi mabomba yanavyong'aa. Akainama. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye bonde.

"Wuoda, mwanangu, hapa nani alipiga?"

Nikasema ni mimi. Akapapangusa kwa ncha ya leso, taratibu, mpaka vumbi likaisha. Halafu akaniambia nifunge, chai inapoa.