Nafasi ya Mama Kwenye Lori

Korogwe,
12 Juni 1955

Dada Grasiana,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Hiza, watoto na mama hamjambo. Mimi mzima, ila mikono imejaa rangi hata kalamu inateleza.

Nina habari ya kumfurahisha mama. Bwana Shamshudin amenunua lori la Bedfodi na tunaligeuza nyumba. Sikutanii. Fundi amejenga chumba cha mbao za mvule mgongoni mwa gari, kina madirisha mawili yenye wavu wa mbu na vitanda vya kukunja vilivyoshikwa na minyororo ukutani. Juu tumefunga pipa la maji lenye bomba. Nyuma kuna pembe ya kupikia. Dada yake Bibi Noorjahan, mke wa bwana, anaolewa Lindi mwezi wa tisa, na bwana amesema hataki kupanda meli kwa sababu bibi hutapika. Basi tutakwenda kwa barabara: Korogwe, Handeni, Dar es Salaam, kisha pwani ya kusini, Kilwa mpaka Lindi. Dereva ni mimi.

Na baada ya Lindi bwana ana ndugu zake Mikindani. Unaona? Kutoka hapo hadi kwao mama si mbali. Tangu alipokuja huku na marehemu baba, baba akiwa manamba wa mkonge, hajakanyaga kwao. Mwambie ajitayarishe. Tukipita Handeni nitasimama mlangoni kwako nimchukue.

Mdogo wako,
Laurenti

*

Handeni,
26 Juni 1955

Mdogo wangu Laurenti,

Marahaba. Sisi hatujambo, isipokuwa kisima kimeanza kushuka na tunapanga foleni alfajiri.

Nilimsomea mama barua yako akiwa anapepeta mahindi. Aliweka ungo chini, akaniambia nisome tena pale pa Mikindani. Tangu siku hiyo ameanza kuongea Kimakonde na wanangu, nao wanacheka tu. Ananitajia watu nisiowajua: mdogo wake Eliasi, shangazi fulani aliyekuwa na mguu mfupi, mahali wanapochota maji. Amesuka mkeka wa kumpelekea mjomba.

Lakini mume wangu ameuliza neno la maana, nami nalileta kwako. Je, bwana wako amekubali? Hukuandika kwamba amekubali. Mama ni mtu mzima, asifungashe mizigo kwa maneno ya kijana.

Dada yako,
Grasiana

*

Korogwe,
10 Julai 1955

Dada Grasiana,

Shikamoo. Salamu kwa wote. Huku tu wazima.

Kazi inaendelea vizuri. Jana bwana alitandaza ramani juu ya boneti tukaipanga safari yote. Mto Rufiji tutavuka kwa pantoni, na watu wa huko wanasema mchanga wa upande wa pili humeza magurudumu, kwa hiyo tunabeba mbao za kutandika na springi za akiba. Mvua zikianza barabara ya Kilwa hufungwa kabisa, ndiyo sababu lazima tuwe tumerudi kabla ya Novemba. Bibi Noorjahan ameshona mapazia. Watu wa Korogwe wanakuja kulitazama gari kama arusi, na Simeo, fundi mwenzangu, anawaonyesha kitanda kinavyokunjwa.

Kuhusu mama, nitasema na bwana kwa wakati wake. Mtu hamwombi tajiri neno kubwa akiwa na hesabu kichwani. Msiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Laurenti

*

Handeni,
24 Julai 1955

Mdogo wangu Laurenti,

Hujambo? Naandika kwa haraka nipate kuiwahi posta.

Mama ameondoka leo kuja kwako. Nilimzuia, akasema amechoka kuota gari asilolijua, anataka kuliona kwa macho yake na kumshukuru bwana wako kwa mdomo wake mwenyewe. Amepanda lori la Amirali mwenye duka, linalobeba mahindi. Amechukua mkeka, asali na nguo zake zote, maana anasema hana haja ya kurudi Handeni ilhali safari inaanzia Korogwe.

Mpokee vizuri. Niandikie akifika.

Dada yako,
Grasiana

*

Handeni,
7 Agosti 1955

Laurenti,

Hujambo mdogo wangu? Sijapata barua. Mwenye lori anasema alimshusha mama mbele ya karakana yenu akiwa mzima, na kwamba ulikuwepo. Mbona kimya? Amelala wapi? Anakula nini? Bwana amekubali?

Andika hata mstari mmoja.

Dada yako,
Grasiana

*

Korogwe,
9 Agosti 1955

Dada Grasiana,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi ni nyingi mno.

Mama yupo na ni mzima. Amepata nafasi kwenye gari. Analala kwenye chumba cha uani kwa Bibi Noorjahan, anakula vizuri. Anakusalimu. Tunaondoka baada ya Jumatatu ijayo.

Usihangaike kuja barabarani siku tutakayopita Handeni, sijui tutapita saa ngapi.

Mdogo wako,
Laurenti

*

Handeni,
14 Agosti 1955

Laurenti,

Hiza alikwenda Korogwe Alhamisi kuuza ngozi, akapita kwenu kumsalimu mama mkwe wake. Aliyoyaona ameniambia akiwa ameinamisha kichwa, na Hiza si mtu wa kuinamisha kichwa.

Alimkuta mama uani akifua nepi za mtoto wa Mhindi. Akasikia bibi akiita, "Wewe Shida, maji." Mama yetu, mwenye wajukuu, anaitwa jina lake tupu kama msichana wa kazi. Kisha wewe ukapita na spana mkononi, na mama akakwambia, "Dereva, chai yako iko pale." Dereva. Nawe ukaitika ukaenda.

Hiza alitaka kumrudisha nyumbani saa ile ile. Mama akamwambia, "Niache, mwanangu. Nakwenda kwetu." Akarudi kufua.

Sasa niambie wewe uliyemwacha hivyo. Nitakuwa barabarani mtakapopita, hata kama mtapita usiku wa manane.

Grasiana

*

Kilwa,
4 Septemba 1955

Dada Grasiana,

Shikamoo, ijapokuwa sistahili kuitikiwa.

Nilikuona Handeni. Ulisimama mbele ya duka la Amirali, watoto wawili mkononi, mmoja mgongoni. Bwana aliniuliza kama nina haja ya kusimama nijaze maji. Nikasema pipa limejaa. Nilijua ukifika kwenye gari utaita "mama", na mbele ya bwana na bibi mambo yote yatafumuka. Nikakanyaga mafuta. Kwenye kioo nilikuona umeinua mkono, kisha ukaushusha. Mama alikuwa dirishani nyuma. Sijui alikutazama vipi, sikuthubutu kumwuliza.

Nakueleza ilivyokuwa. Siku ile aliposhuka kwenye lori la mahindi tulikuwa wengi uani, bwana, bibi, Simeo na wapakiaji. Mama alikuja moja kwa moja, mkeka kichwani, nembo zake za chale usoni na ndonya ya mti katika mdomo wa juu, akicheka. Mpakiaji mmoja akasema, "Tazameni mdomo huo, sahani ya chai inakaa." Wakacheka. Simeo akacheka. Dada, unakumbuka shule ya misheni walivyokuwa wakituimbia mama akituletea viazi. Wewe ulikuwa ukiwapiga mawe. Mimi nilikuwa najificha.

Bwana akaniuliza, "Nani huyu?" Nikasema, "Ni mama mmoja wa kusini, anatafuta kazi."

Nilidhani watamfukuza, kisha nimfuate njiani nimweleze. Lakini Bibi Noorjahan akasema ni bahati, anahitaji yaya wa safarini anayejua lugha za huko. Akamwuliza mama kama kweli anatafuta kazi. Mama alinitazama. Kicheko kilikuwa hakijamtoka vizuri usoni. Akajibu, "Ndiyo, bibi. Natafuta kazi."

Kesho yake nilimfuata kisimani nikamwambia nitasahihisha kwa bwana. Akasema, "Ulishasema. Mimi nataka kufika kwetu tu." Tangu hapo ananiita dereva, hata tukiwa wawili. Kwenye pantoni ya Rufiji gari lilipozama mchangani alishuka kusukuma pamoja na wapagazi, nami nimekaa juu nimeshika usukani. Usiku bwana na bibi na mtoto hulala vitandani nilivyovipaka rangi mimi. Mama hulala chini ya gari upande wa magurudumu ya nyuma, mimi upande wa mbele. Namsikia akikohoa.

Nikisema sasa nitaonekana mtu gani? Na kila siku nisiposema inakuwa vigumu zaidi kuliko jana.

Niandikie Lindi, sanduku la baba mkwe wa bwana, ukiwa na lolote la kuniambia.

Mdogo wako,
Laurenti

*

Lindi,
25 Septemba 1955

Dada,

Nilikwenda kwenye sanduku mara nyingi. Hakuna barua yako. Naelewa.

Tumetoka Mikindani juzi. Bibi Noorjahan amempenda mama, akamwomba bwana gari limpeleke kwao asubuhi na kumrudisha jioni, naye mwenyewe akaja kutazama. Barabara iliishia kwenye mashamba ya mihogo. Tukatembea. Mama alikuwa mbele, na kadiri tulivyokwenda hatua zake zilikuwa zikiongezeka kasi, hata bibi akahema. Wanawake waliokuwa wakitwanga walimtazama, kisha mmoja akalitaja jina lake, na kijiji kizima kikatoka.

Mjomba Eliasi ni mzee wa mvi, jicho moja limeingia ukungu. Alimshika mama usoni kwa mikono miwili, akipapasa zile nembo kana kwamba anasoma. Wote wenye umri wake wanazo. Wanawake wana ndonya, na hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niliyeonekana kituko, na kofia yangu ya udereva.

Tukakalishwa. Mjomba akauliza habari za watoto. Nakuandikia maneno yenyewe, maana yalisemwa Kimakonde na bado ninakifahamu.

Mama akasema, "Ninao wawili. Grasiana ameolewa na Mzigua, mtu mwema."

"Na wa kiume?"

"Laurenti hakuweza kuja. Ana kazi."

"Na huyu?"

"Huyu ni dereva wa bibi."

Nilikuwa nimeshika mkeka wake, nimembebea tangu garini. Nikaona mjomba anataka kunipa mkono kama mgeni tu. Nikasema kwa Kiswahili, ili na bibi asikie, "Mjomba, Laurenti ni mimi. Huyu ni mama yangu."

Nilidhani nikishasema nitapumua. Hapakuwa na pumzi. Mjomba alimgeukia mama, na mama akatazama chini. Ndipo wote wakafahamu kwamba mwanawe alimkana, naye alikuwa amekubali kukanwa. Wanawake walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa heshima, kama watu wanaotoka kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Bibi Noorjahan aliniuliza, "Ni kweli?" Nikasema ni kweli. Akajifunika uso kwa mtandio. Akasema, "Siku zote hizi namwita kama ninavyomwita paka, na wewe ulikuwa unasikia." Kisha akaenda akapiga magoti mbele ya mama kwenye vumbi, akiwa na hariri yake. Mama akamwinua, akamwambia yeye hana kosa.

Jua lilipoanza kushuka nilimfuata mama nyuma ya nyumba. Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza. Kwa mara ya kwanza tangu Korogwe aliniita jina langu.

"Laurenti, mbele ya ndugu zangu nilikuwa nimekufunika. Wewe umeivuta ile nguo ukadhani unajifunua peke yako. Chini yake tulikuwa wawili."

Hakurudi nasi. Alimwambia bibi kwamba kazi ameiacha. Mjomba alinisindikiza hadi garini, akanipa mihogo ya njiani, kwa kuwa desturi haimruhusu kumwacha mtoto wa dada yake aondoke mikono mitupu. Mihogo hiyo imeoza kwenye gari. Sikuweza kuila wala kuitupa.

Tunaanza kurudi kesho. Bwana hasemi nami ila mambo ya barabara. Bibi anapika mwenyewe.

Sijui niandike nini tena.

Laurenti

*

Korogwe,
23 Oktoba 1955

Dada Grasiana,

Shikamoo. Tumerudi. Tulipopita Handeni nilisimamisha gari mbele ya nyumba yako. Mlango ulikuwa umefungwa, jirani akasema mko shamba, lakini moshi ulikuwa unatoka jikoni. Nilingoja kidogo, nikaondoka.

Hapa uani nimewaambia wote. Simeo alidhani natania. Nilipomwambia tena akaacha kucheka, akasema mama yake mwenyewe yuko Mashewa na hajamtembelea tangu Krismasi. Haikunisaidia.

Naomba ruhusa nije kwako. Sitakaa.

Mdogo wako,
Laurenti

*

Handeni,
4 Desemba 1955

Laurenti,

Barua zako zote nimezipata. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza, maneno yaliyokuja hayakuwa ya kumwandikia ndugu wa tumbo moja. Na ule moshi ulikuwa wangu. Nilikuwa nimekaa jikoni nikikusikia unabisha hodi. Nami sijivunii.

Mama amerudi. Mjomba Eliasi alimpandisha meli Mikindani mpaka Tanga, akaja kwa treni hadi Korogwe. Alikaa stesheni yenu nusu siku akingoja lori la kuja huku. Nilimwuliza kwa nini hakukutafuta, ilhali karakana ni pale pale. Akasema miguu ilikuwa imevimba. Nikamwekea maji ya moto.

Amekonda, lakini anacheka na watoto. Habari zako hazitaji. Barua ya kijijini nilimsomea, ile unayosema alivyokwambia nyuma ya nyumba. Alisikiliza mpaka mwisho akasema umeyaandika sawasawa.

Nilimweleza kwamba unaomba kuja. Jana, tukiwa tunachambua choroko, akasema usije huku. Huku Handeni kila mtu anajua wewe ni mwanawe, kuja kwako hakuna uzito. Atakuja yeye.

Atapanda lori la Jumamosi na kushuka pale pale aliposhuka mara ya kwanza, saa ya mchana, watu wakiwa kazini. Atakuwa na ndonya yake. Nilimwomba nifuatane naye, akakataa. Amesema hatakufuata uani wala hatamwuliza mtu yeyote uko wapi. Atasimama barabarani na mzigo wake kichwani mpaka wewe umwite.

Usipomwita, lori hugeuza baada ya kupakua.

Dada yako,
Grasiana